Mpasuaji Apimwe kwa Uamuzi Wake

Mwanafunzi wa biolojia akiulizwa mwili wa mtu mzima una damu kiasi gani, hujibu bila kusita kwamba ni lita tano hivi. Jibu hilo ni sahihi. Lakini aghalabu halitaji lile ambalo daktari apokeaye majeruhi hulazimika kulifikiri kwanza, yaani kwamba mtu akipoteza lita mbili kwa haraka maisha yake yamo hatarini, na kwamba lita hizo mbili zaweza kumwagika zote ndani ya tumbo bila tone hata moja kuonekana nje.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2021 watu milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani, na kwamba zaidi ya tisa katika kila kumi kati yao walikuwa katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Hapo hatujahesabu walioanguka kutoka minazini au majukwaa ya ujenzi, wala waliochomwa visu. Kwa hiyo swali la nini kidaiwe kwa daktari aliye katika miaka ya mwisho ya mafunzo ya ubingwa wa upasuaji (nitamwita mwanagenzi) lisiachiwe madaktari peke yao. Baadhi ya vijana wanaosoma ukurasa huu watakishika kisu hicho, na baadhi yetu tutalala juu ya meza hiyo.

Kwa desturi mwanagenzi hupimwa kwa mitihani na kwa daftari. Chuo cha Wapasuaji cha Afrika ya Mashariki, Kati na Kusini, kilichoanzishwa mwaka 1999, humtaka mwanafunzi wa upasuaji wa jumla asome miaka mitano, miwili ya mwanzo ikimalizikia katika mtihani wa kwanza na mitatu ikifuata. Na katika miaka hiyo huandika katika daftari kila operesheni aliyoifanya au kuisaidia. Silidharau daftari. Mkono usiozoea kazi hauwezi kuaminiwa usiku wa manane. Lakini daftari huandika yale yaliyotendwa na mkono tu, na katika tiba ya majeruhi jambo kubwa mara nyingi ni lile ambalo mkono ulizuiwa kulitenda.

Nakumbuka usiku mmoja, miaka mingi iliyopita, katika hospitali ambayo sitaitaja. Aliletwa kijana aliyegongwa na lori akiwa juu ya baiskeli. Mwanagenzi wa zamu, mwenye mikono mahiri kuliko wenzake wote, alilifungua tumbo, akaiondoa bandama iliyopasuka, akakata sehemu mbili za utumbo zilizochanika na kuunga ncha zake kwa mishono ambayo ningependa kila mwanafunzi aione. Kazi hiyo ilichukua saa nne. Mimi nilifika katikati, nikaitazama mishono, nikaisifu. Hakuna aliyeuliza joto la mgonjwa. Hakuna aliyesema kwamba damu iliyokuwa ikichuruzika pembezoni mwa jeraha haikuwa ikiganda tena. Kijana yule alifariki kabla ya mapambazuko, na katika daftari la mwanagenzi ziliongezwa operesheni mbili, zote zikiwa na saini yangu.

Sababu ya kifo kile haimo nje ya silabasi ya shule ya sekondari. Kuganda kwa damu ni mfuatano wa mabadiliko ya kikemia yanayoendeshwa na vimeng'enya, na yeyote aliyewahi kujaribu kumeng'enya wanga kwa mate, mara katika maji baridi na mara katika maji ya vuguvugu, anajua jinsi vimeng'enya vinavyozembea katika baridi. Joto la mwili wa majeruhi likishuka chini ya digrii 35 za sentigredi, damu yake huanza kuganda kwa uvivu. Wakati huohuo chembe hai zisizopata oksijeni ya kutosha hutengeneza asidi ya laktiki, ileile inayokusanyika katika misuli ya mkimbiaji wa mbio fupi, na asidi hiyo ikizidi nayo huizuia damu isigande. Damu isiyoganda huzidi kuvuja. Kuvuja huzidisha baridi na asidi. Hatimaye mambo hayo matatu husukumana yenyewe bila kungoja msaada wa lori wala kisu. Tumbo lililo wazi chini ya taa za chumba cha upasuaji hupoteza joto kila dakika, hata kama mshono unaoshonwa ndani yake ni mzuri namna gani.

Mwaka 1983 H. Harlan Stone na wenzake, wapasuaji wa Atlanta nchini Marekani, walitoa taarifa ya wagonjwa 31 ambao damu yao iliacha kuganda wangali mezani. Wagonjwa 14 wa kwanza walipasuliwa mpaka kazi ikaisha, kama ilivyokuwa kawaida, alipona mmoja. Kwa 17 waliofuata wapasuaji waliikatiza kazi: walishindilia vitambaa safi mahali palipovuja, wakafunga tumbo upesi, wakangoja damu irudie kuganda, ndipo waliporejea kumalizia. Walipona 11. Mwalimu wa hisabati atasema, naye atasema kweli, kwamba idadi hiyo ni ndogo na kwamba makundi hayo mawili hayakutibiwa wakati mmoja. Hata hivyo tofauti kati ya mmoja na kumi na mmoja iliwafanya wengi wafikiri upya. Mwaka 1993 wapasuaji wa Philadelphia waliipa njia hiyo jina lililotoka kwa mabaharia wa kivita, ambao huziba matundu ya meli iliyopigwa ili ifike bandarini, na matengenezo yakangoja.

Mtu aweza kudhani kwamba sasa yatosha kumfundisha mwanagenzi kuacha kazi mapema. Sivyo. Mgonjwa aliyefungwa kwa muda huhitaji wodi yenye joto, damu ya kuongezewa, mara nyingi mashine ya kumsaidia kupumua, na operesheni ya pili baada ya siku moja au mbili. Tumbo lililoachwa wazi huleta maradhi yake, kama vile usaha na utumbo kutoboka, na asiyestahili kuachwa hivyo hudhuriwa bure. Katika hospitali ya mkoa ambayo jokofu lake lina chupa mbili za damu, uamuzi huo huwa wa namna nyingine kabisa na ule wa hospitali kuu: je, mgonjwa afunguliwe hapa, azibwe na kupelekwa mbele, au apelekwe kwanza? Anayejifunza miaka yote mitano katikati ya mabingwa na maabara za jijini hupata mikono mizuri, lakini swali hilo hajaulizwa hata siku moja.

Mpango wa dakika za mwanzo, yaani njia ya hewa kwanza, kisha kupumua, kisha mzunguko wa damu, ulienezwa baada ya mpasuaji wa mifupa James Styner kuanguka na ndege yake Nebraska mwaka 1976, mkewe akafa, naye akaona jinsi watoto wake walivyotibiwa ovyo. Huo ni wa kila daktari. Lengo la mwanagenzi wa miaka ya mwisho laanzia pale mpango huo unapokoma: asimame miguuni pa kitanda mikono yake ikiwa mitupu, amsikilize muuguzi na mtoa dawa ya usingizi, ajue joto la mgonjwa na saa iliyopita, kisha aseme kwa sauti kinachofanywa sasa na kinachongoja.

Wazee wa taaluma hii hunijibu kwamba busara haifundishwi, huja kwa umri. Nawaheshimu, lakini umri huo umelipiwa na wagonjwa. Ningependa daftari la mwanagenzi liongezwe safu moja, ya operesheni alizozikatiza au kukataa kuzianza, pamoja na sababu, nalo lisomwe mbele ya wenzake katika kikao cha kila mwezi cha kuchunguza vifo. Na bingwa anayetia saini aeleze naye alikuwa wapi saa ile.