Muziki Zahanatini Ndiyo, Lakini Ganzi Kwanza



Sisi wa viwandani na mashambani twaijua zahanati kwa harufu ya dawa na kwa kilio cha anayeshonwa. Mkata miwa aliyejikata mguu kwa panga hukaa kwenye benchi akimsikia mwenzake analia nyuma ya pazia, na moyo humwenda mbio kabla hata hajaguswa. Wengi wetu kwa woga huo hufunga kidonda kwa kitambaa na kurudi kazini, mpaka kinaoza.

Basi liko jambo tunalotaka lizungumzwe katika matawi yetu. Muziki humsaidia mgonjwa. Mwaka 1914 daktari wa upasuaji wa Marekani, Evan Kane, aliandika kwamba alikuwa akipiga gramafoni katika chumba cha upasuaji ili kuwatuliza wagonjwa. Mwaka 2015 jarida la madaktari la Uingereza, The Lancet, lilichapa uchambuzi wa majaribio 73 yaliyohusu wagonjwa karibu 7,000. Waliopigiwa muziki kabla ya upasuaji, wakati wake au baada yake, walipungukiwa na hofu na maumivu, na walitumia dawa za maumivu kidogo kuliko wenzao.

Sisi hatushangai. Mzigo mzito tunaupandisha kwa wimbo, na mama humtuliza mtoto anayeumwa kwa wimbo.

Lakini tusidanganyike. Katika majaribio hayo muziki uliongezwa juu ya matibabu ya kawaida, haukuchukua nafasi yake. Mwajiri akileta redio huku kabati la ganzi ni tupu, hajatutibu, ametuimbia tu. Tena uchambuzi ule haukuona kwamba muziki ulipunguza siku za kulala hospitali. Kwa hiyo asitokee nyapara wa kutuambia: umekwisha sikiliza nyimbo, sasa rudi shambani.

Madai yetu ni haya. Kwanza, ganzi na dawa za maumivu ziwepo siku zote, mchana na usiku. Pili, zahanati iwe na redio au chombo kingine kidogo cha muziki, na sauti iwe ya chini ili mganga na mgonjwa wasikilizane. Tatu, mgonjwa achague mwenyewe: taarabu, rumba, nyimbo za dini, au kimya akitaka.

Hatuombi sadaka. Mkataba Na. 110 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1958, unaohusu wafanyakazi wa mashamba makubwa, una sehemu nzima juu ya matibabu. Redio ni kitu rahisi, na meneja anaweza kuinunua kesho. Kabla hajainunua, wajumbe wetu waende zahanatini, wafungue kabati, wahesabu chupa za ganzi zilizomo, na walete hesabu hiyo mkutanoni.

Umoja ni nguvu.