Msaada wa Amani Usiishie Hotelini

Imekuwa desturi katika nchi yetu kwamba damu ikimwagika, wafadhili hutoa fedha za kuleta amani. Sina ugomvi na anayetoa. Ninalouliza ni hili: fedha hizo humfikia nani?

Niliwahi kuhudhuria semina ya amani katika hoteli moja mjini. Tulikula, tukasikiliza hotuba, tukatia sahihi, tukapokea posho. Kati ya wafugaji waliokuwa wakiuana, hakuwapo hata mmoja.

Sasa tuwatazame akina mama wa Wajir. Mwaka 1992 koo za huko zilikuwa zikipigana kwa sababu ya maji, malisho na siasa. Uhasama ukafika hadi sokoni, mwanamke wa ukoo huu asiweze kumwuzia wa ukoo ule. Akina mama wachache, miongoni mwao marehemu Dekha Ibrahim Abdi, wakaamua kwamba soko ni la wote. Walililinda wenyewe ili kila mwanamke auze na kununua bila kubughudhiwa. Kisha wakawaendea wazee, na mwaka 1993 wazee wa koo wakatia sahihi Azimio la Al-Fatah. Mwaka 1995 kazi hiyo ya amani iliingizwa katika kamati ya maendeleo ya wilaya, na mwaka 2007 Bi. Dekha akatunukiwa tuzo ya Right Livelihood nchini Uswidi.

Mambo hayo hayakuanzishwa na hundi. Misaada ilikuja baadaye, ikawakuta watu wamekwisha kusimama. Hapo ndipo inapofaa, kwani amani ina gharama zake. Habari ya wizi wa ngamia ikifika usiku, lazima wazee wapate gari na mafuta kabla vijana hawajalipiza kisasi. Kikao cha siku tatu hakikaliwi kwa njaa. Mama muuza maziwa hawezi kuyabeba hayo peke yake, naye asemaye kwamba amani haihitaji fedha hajapata kulipa nauli ya Wajir.

Hata hivyo, fedha zikiwatangulia watu huwa sumu. Wazee huanza kungoja posho ndipo wapatane, na siku posho ikikatika, mapatano nayo hukatika. Ubaya zaidi, huzuka watu ambao ugomvi ukiisha, riziki yao imekwisha.

Kwa maoni yangu, wafadhili watoe kidogo kidogo, tena wawape wale ambao wamekwisha kuanza. Wapokee taarifa katika lugha ambayo wenyeji wanaifahamu, na hesabu zisomwe barazani, mbele ya mama wa sokoni na mchungaji wa ngamia, wala zisifungiwe kabatini Nairobi.

Wahenga walinena, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni huyo na amkute mwenyeji amekwisha kuwasha moto jikoni.