Kuhesabu Dawa Nako ni Kutibu

Msafiri atokaye Morogoro kwenda Iringa hulipita bonde la mibuyu, huvuka mto Ruaha Mkuu, na kabla ya kuanza kuupanda mlima wa Kitonga hufika Ruaha Mbuyuni. Hapo malori hupumzika na madereva hunyoosha miguu. Msimu wa mavuno ukifika, kando ya barabara hujaa vitunguu. Ukisimama kidogo utamwona mnunuzi na daftari lake, na mkulima naye ameshika lake, hata kama ni karatasi iliyokunjwa mara nne. Wote wawili wanahesabu magunia. Mkulima anajua jinsi lumbesa ilivyomuumiza: gunia limeandikwa moja, lakini lililobebwa ni moja na nusu. Wakala wa Vipimo umepiga marufuku ufungashaji huo na kuweka ukomo wa kilo 100 kwa gunia, lakini mlinzi wa kwanza wa jasho la mkulima ni kalamu yake mwenyewe. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Nimeanza na vitunguu kwa sababu nataka kuzungumzia kabati la dawa, na hasa ile rafu ya ndani yenye kufuli, ambamo huwekwa diazepamu, mofini, pethidini na nyingine za jamii hiyo. Hoja yangu ni moja: kuzihesabu dawa hizo kila siku kwa uaminifu ni sehemu ya tiba, sawa na kupima mapigo ya moyo. Kituo kisichohesabu humdhuru mgonjwa kwa njia mbili: dawa hukosekana siku inapohitajika, na hatimaye watumishi huogopa hata kuiagiza.

Kila mwaka, ninapofundisha somo la usimamizi wa dawa, mwanafunzi mmoja huuliza swali lile lile: mbona Marekani bangi inauzwa dukani? Darasa hucheka, kisha mjadala huwaka kuhusu mmea, maadili na sheria. Mimi huwarudisha kwenye jambo ambalo hakuna aliyeliuliza: ndani ya duka hilo kuna mtu ambaye kazi yake ni kuhesabu. Katika jimbo la Colorado, ambako wapiga kura waliruhusu biashara hiyo mwaka 2012 na maduka kufunguliwa tarehe 1 Januari 2014, mimea hufungwa kibandiko chenye namba. Namba hufuata mazao kuanzia shambani hadi kwa mnunuzi. Mhakiki wa akiba hupima kilichoingia, huandika kilichotoka na kilichoharibika, kisha hulinganisha kilichobaki na hesabu iliyomo katika mfumo wa serikali ya jimbo. Tofauti ikionekana, lazima ielezwe.

Hapa kwetu bangi ni haramu. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 iko wazi, nami siandiki ili kuitikisa. Hata uamuzi wa Kamisheni ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya wa tarehe 2 Desemba 2020 uliiondoa bangi katika jedwali la nne tu la Mkataba wa mwaka 1961, na kuiacha katika jedwali la kwanza, chini ya udhibiti mkali. Ninachokitazama ni kinaya kimoja. Jina wanaloyaita maduka yale kwa Kiingereza ndilo hilo hilo tunalotumia kwa zahanati zetu. Kule, kiasi kidogo cha majani ya starehe hakipotei pasipo mtu kuulizwa. Huku, ampuli ya kuzima degedege la mtoto inaweza kutoweka, na asitokee wa kuuliza mpaka mtoto aletwe.

Nayasema haya kwa kuwa niliyaona. Nikiwa mwanafunzi katika mafunzo kwa vitendo, nilipangiwa kituo kimoja kilicho kando ya barabara kuu, ambacho sitakitaja. Usiku mmoja mama alimleta mwanawe wa miaka mitatu, anachemka kwa homa na mwili wote unakakamaa. Muuguzi wa zamu aliita diazepamu. Leja ilisema zimo ampuli 14. Ufunguo ulikuwa kwa mtu mmoja, naye alikuwa nyumbani. Tulimfuata kwa pikipiki. Kabati lilipofunguliwa, sandukuni zilikuwamo ampuli 3, na zote zilikuwa zimekwisha muda wa matumizi miezi miwili kabla. Mtoto alikimbizwa hospitali huku degedege likiendelea. Alipona homa. Wiki tatu baadaye mama yake alirudi kituoni na kusema kwamba mkono wa kulia wa mtoto hauna nguvu kama zamani. Siwezi kuapa kwamba dakika tulizozipoteza ndizo zilizouchukua mkono ule. Najua tu kwamba zilipotea kwenye daftari kabla ya kupotea kitandani.

Baada ya hapo tulizitafuta zile ampuli 11. Sita zilikuwa zimeazimwa na zahanati jirani kwa maneno ya mdomo. Tatu zilitumika katika dharura za usiku, na aliyezitumia alikusudia kuandika asubuhi. Mbili hazikupatikana maelezo hadi naondoka. Hakuna mwizi aliyethibitishwa. Kulikuwa na watu wema, waliochoka, walioamini kwamba kuandika ni kazi ya baadaye. Na zile tatu za mwisho zilikuwa zimesogezwa nyuma ya rafu kila shehena mpya ilipoletwa, ingawa kanuni ya stoo inajulikana na kila mtu: inayotangulia kwisha muda ndiyo itangulie kutoka.

Upo upande wa pili wa madhara haya, nao ni hofu. Mtumishi aliyewahi kuulizwa kuhusu ampuli mbili asiweze kujibu, hujifunza somo baya: kwamba usalama wake uko katika kabati tupu. Fomu ya maombi ikija huandika sifuri mbele ya dawa hizo. Kituo kisicho na mofini hakiwezi kupoteza mofini. Kwa mkaguzi hesabu hiyo ni safi. Kwa mzee mwenye saratani iliyofika kwenye mifupa, sifuri ile ni usiku wa kuuma shuka.

Sifuri hiyo haibaki stooni. Kwa mujibu wa Mkataba wa mwaka 1961, kila nchi hupeleka makadirio ya mahitaji yake kwa Bodi ya Kimataifa ya Udhibiti wa Dawa za Kulevya iliyoko Vienna, na makadirio hayo hutegemea takwimu za matumizi. Takwimu za taifa huanzia kwenye leja za vituo. Vituo vikiandika kwamba havikutumia, taifa litaonekana halihitaji. Mwaka 2017 Tume ya jarida la Lancet ilieleza kwamba nusu ya watu wa dunia, wale waishio katika nchi maskini zaidi, hufikiwa na chini ya asilimia 1 ya mofini inayosambazwa duniani. Sababu ni nyingi, na hesabu mbovu ni mojawapo tunayoweza kuirekebisha wenyewe. Mkataba huo huo, ambao wengi huukumbuka kwa makatazo, umekiri tangu utangulizi wake kwamba dawa hizi hazina budi kuwapo kwa ajili ya kupunguza maumivu.

Majirani zetu wametuonyesha kwamba udhibiti na huruma vinaweza kukaa kabati moja. Nchini Uganda, Daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, na mofini ya kunywa ikaanza kuwafikia wagonjwa majumbani. Mwaka 2004 nchi hiyo iliwaruhusu wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu ya tiba shufaa kuiandika dawa hiyo. Kwetu, Muhimbili ilianza kutoa methadoni mwaka 2011 kwa waathirika wa heroini, na huduma hiyo imefika pia Mbeya. Mgonjwa hunywa dozi yake mbele ya mhudumu, na dozi huandikwa papo hapo. Mahali ambapo kila mililita ina jina la mtu, watumishi hawaiogopi dawa, kwa sababu wana jibu la kumpa yeyote atakayeuliza.

Nitaambiwa kwamba vituo vyetu havina watu. Ni kweli, nami sitaki kumwongezea mzigo muuguzi ambaye usiku mmoja huzalisha, hufunga vidonda na kugawa dawa. Lakini tuupime mzigo wenyewe. Dawa zenye kufuli katika kituo cha afya ni chache. Kuzihesabu kwa mikono miwili na macho manne hakuchukui muda wa kunywa kikombe cha chai. Saa zilizotumika kuzitafuta zile ampuli 11 zilikuwa nyingi kuliko hesabu ya mwaka mzima. Nitaambiwa pia kwamba sasa iko mifumo ya kompyuta ya kuagizia dawa kutoka Bohari ya Dawa. Mifumo hiyo ni ya thamani kubwa, ila kompyuta haioni ndani ya sanduku. Hurudia kwa haraka kile ilichoambiwa, kiwe kweli au uongo. Hata vile vibandiko vya Colorado havina maana pasipo mtu wa kuinama, kupima, na kukiri kwamba hesabu haikulingana.

Kwa hiyo napendekeza mambo manne, na hakuna hata moja linalosubiri bajeti.

Kwanza, zamu zikabidhiane kwa hesabu. Anayetoka na anayeingia wahesabu pamoja dawa za rafu yenye kufuli, waandike, waweke sahihi wote wawili. Ufunguo ukae na mtu aliye zamu, usilale nyumbani kwa mtu.

Pili, ampuli isitoke bila mstari wake kuandikwa: jina au namba ya mgonjwa, saa, kiasi kilichotumika na kilichomwagwa. Kuazima kuwe kwa hati, hata kama ni kwa jirani mwema.

Tatu, mganga mfawidhi atofautishe kosa na jinai. Mtumishi anayetangaza mwenyewe kwamba hesabu imepungua leo asipokewe kama mtuhumiwa. Aulizwe, asaidiwe kutafuta, na tofauti iandikwe kwa wino unaoonekana. Ukali uwekwe kwa anayefuta na kuandika juu yake. Pale ambapo kila upungufu huadhibiwa, hesabu zitalingana daima, na zitakuwa za uongo.

Nne, na hili latuhusu sisi wa vyuo vya tiba, tuache kuifundisha stoo kama adhabu ya mwanafunzi aliyechelewa wodini. Daktari mtarajiwa akae juma moja na mteknolojia dawa, ahesabu, alinganishe, aone jinsi oda iliyoandikwa vibaya mwezi huu inavyogeuka kitanda cha kilio mwezi ujao. Atakapoandika dawa kwenye cheti atajua kwamba kuna mtu nyuma ya ukuta ambaye neno lake, ipo au haipo, lina uzito kama utambuzi wa ugonjwa.

Nawe, ndugu msomaji usiyevaa koti jeupe, una sehemu yako. Kijiji chako kina wawakilishi katika kamati ya usimamizi wa kituo. Waambie waulize swali moja kila kikao: dawa za dharura zilizoandikwa ndizo zilizomo? Kuuliza hivyo si kumshuku mtu. Mkulima wa Ruaha Mbuyuni hamwiti mnunuzi mwizi anapofungua daftari lake. Anafungua ili wote wawili waondoke na amani.

Mara ya mwisho nilipopita hapo, lori lilikuwa limejaa vitunguu, na kijana mmoja juu ya shehena alihesabu kwa sauti huku mwingine chini akiitikia na kuandika. Walipofika gunia la mwisho, namba zao hazikulingana. Hakuna aliyepandisha sauti. Walianza upya, gunia moja moja, na dereva akazima injini akawasubiri.

Vitunguu vinaweza kungoja hesabu irudiwe. Mtoto mwenye degedege hawezi. Hesabu yake yapaswa kuwa imekwisha kufanywa jana.