Nurkić alistahili aya zaidi

Makala nzuri, ndugu mwandishi, ila kwa Jusuf Nurkić umepita mbio mno. Huyu ni mtoto wa polisi kutoka Tuzla, Bosnia, aliyepitia Zagreb kabla ya kuchaguliwa wa 16 katika drafti ya NBA mwaka 2014.

Machi 25, 2019, akiichezea Portland dhidi ya Brooklyn, alivunjika vibaya mguu wa kushoto katika muda wa nyongeza wa pili. Alikaa nje zaidi ya miezi 16. Wengi tulidhani ndiyo basi tena. Akarudi, na Agosti 15, 2020, siku aliyompoteza bibi yake kwa Uviko-19, aliingia uwanjani dhidi ya Memphis na kumaliza na pointi 22 na ribaundi 21. Portland ilishinda 126 kwa 122 na kufuzu hatua ya mtoano. Moyo wa namna hiyo haufundishwi na kocha yeyote.

Wanaomlaumu kwa kukosa mipira ya chini ya kikapu wana hoja. Lakini tazameni alivyokuwa akisimama imara kumzuia beki ili mwenzake wa Portland, Lillard, apate nafasi ya kurusha. Kazi hiyo haiandikwi kwenye takwimu. Na mkitaka takwimu, Machi 2024 alichukua ribaundi 31 akiwa Phoenix, rekodi ya klabu.

Makocha wa vijana, waonesheni masenta wenu mechi ile ya Memphis.