Limiti ya mkopo si akiba ya dharura

Aprili mwaka jana mama alinipigia simu saa nane usiku kutoka Mbita. Mdogo wangu alikuwa na homa kali, mvua ilikuwa inanyesha, na mtu wa bodaboda alitaka 500 kabla ya kuwasha pikipiki. Mimi nilikuwa Migori mjini, na kwa simu yangu kulikuwa na shilingi 140.

Sikushtuka. Nilikuwa na limiti ya mkopo ya 6,000, na kichwani mwangu hiyo ndiyo ilikuwa akiba ya dharura. Nikaomba mkopo. Jibu likaja: limiti yako ni 0. Mwezi uliotangulia nilichelewa kulipa kwa siku tisa, nikasahau kabisa. Pesa iliyompeleka mdogo wangu hospitali ilitumwa na mweka hazina wa chama cha mama, baada ya kuamshwa usingizini.

Mimi hufanya kazi katika biashara ya pesa za simu, na mikopo ni sehemu ya biashara hii. Bado nitasema ukweli: limiti si pesa yako. Inaweza kushuka wakati wowote, na mara nyingi hushuka wakati umebanwa zaidi.

Hata ikibaki, ina gharama. Tuseme mkopo wa siku 30 una ada ya asilimia 7.5. Ukikopa 3,000 unalipa 225 juu yake. Ukirudia kila mwezi kwa mwaka mzima, umelipa ada ya 2,700. Hiyo ni karibu 3,000 yenyewe, na ingekuwa akiba yako.

Weka siku pesa inapoingia

Ushauri wa "weka akiba kila mwisho wa mwezi" ni wa watu wa mshahara. Huku kwetu pesa ina misimu yake. Mvuvi wa omena hupata vizuri usiku wa giza, kwa sababu omena hufuata taa. Mbalamwezi ikitoka, mapato yanapungua. Mkulima wa miwa kule Awendo husubiri zaidi ya mwaka kabla ya kuvuna.

Lakini dharura haina msimu. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipanda na kuingia kwa nyumba za watu ufuoni. Mwaka 2024 Mto Kuja ulifurika Nyatike, familia zikahama. Kwa hivyo usingoje tarehe. Kwa kila 100 inayoingia, ondoa 10 hapo hapo, kabla hujanunua chochote.

Mifuko mitatu

*Mfuko wa usiku.* Hii ni nauli, dawa na chakula cha siku mbili. Anza na 1,000, kisha upandishe hadi 5,000. Usiiweke yote kwenye akaunti ya kufunga, maana baadhi ya akaunti hizo hukufanya usubiri hata siku mbili kabla ya kutoa pesa. Mgonjwa hawezi kusubiri hivyo.

*Mfuko wa SHA.* Kwa sisi tusio na mshahara, mchango hulipwa kwa mwaka mzima. Kiwango cha chini ni 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Kutoa 3,600 kwa siku moja ni ngumu, lakini 70 kwa wiki inawezekana. Huu mfuko ndio wa kufunga. Hali yako ya usajili unaweza kuangalia kwa *147#.

*Mfuko wa chama.* Vyama vingi hugawana pesa Desemba, na Januari karo inazimaliza. Kwenye mkutano ujao, pendekezeni kiasi kidogo kisichogawanywa, kikae kwa ajili ya ugonjwa na matanga. Kubalianeni mapema ni nani anaweza kuidhinisha pesa itumwe usiku.

Sisemi usikope kamwe. Kopa ununue wavu, mbegu au stoki, kitu kitakachorudisha pesa. Ugonjwa haurudishi pesa.

Mdogo wangu alipona. Mama hakuniuliza kwa nini mtoto wake aliyesoma chuo alikuwa na shilingi 140, na hilo liliniuma kuliko kama angeuliza. Leo usiku kabla hujalala, angalia salio lako, achana na limiti. Kisha ongeza hata 50.