Ziwa Kivu: Kompyuta ya bei ndogo ndani ya boti, itasaidia nini na haitasaidia nini?

Tarehe 3 mwezi wa kumi 2024, boti Merdi iliyotoka Minova ilizama karibu kabisa na bandari ya Kituku, mjini Goma. Ilikuwa mchana kweupe, na watu walikuwa wanaangalia toka ng'ambo. Mkuu wa jimbo la Kivu ya Kusini alitangaza vifo visivyopungua 78, lakini hesabu zilizotolewa baadaye hazikulingana. Mwezi wa ine 2019, boti ingine ilizama upande wa Kalehe, na watu karibu 150 wakatangazwa kuwa wamepotea.

Kila mara ajali kama hii inapotokea, wakaaji wanauliza: boti za huku zitakosa vyombo vya kisasa mpaka lini? Swali ni la haki. Sehemu ya jibu iko, na bei yake si ya kutisha. Lakini ni sehemu tu.

Vyombo vyenyewe ni nini?

Mitambo ya kuongoza boti inayouzwa ikiwa tayari, yenye kioo na ramani, inaweza kufika mamia ao hata maelfu ya dola. Kuna njia ingine. Kompyuta ndogo inayoitwa Raspberry Pi, inayoenea ndani ya kiganja, inatosha kwa kazi hiyo. Raspberry Pi 4 ilipotoka mwaka 2019, ile ya bei ya chini iliuzwa dola 35. Mpaka ifike Goma ao Bukavu, usafiri na ushuru vinapandisha bei. Kompyuta ya zamani ya mezani ao ya kubeba nayo inaweza kufanya kazi ile ile.

Juu yake kunaongezwa kipokezi cha GPS cha kuchomeka, ambacho kwa kawaida hakifiki dola 30, pamoja na kioo cha kuonyesha. Programu inayotumiwa sana inaitwa OpenCPN, nayo ni ya bure. GPS haiombi rezo wala mega: inasikiliza satelaiti zenyewe, na mahali wazi kama ziwani inakosea kwa mita chache tu.

Umeme unatoka kwenye betri ya 12 V, kupitia kifaa cha kushusha nguvu mpaka 5 V. Hesabu ni rahisi: mtambo na kioo vikikula wati 25, betri ya 50 Ah inayotumiwa nusu tu inatoa karibu saa 12. Hapo njo wengi wanakosea: umeme ukikatika kwa ghafla, kadi yenye programu inaweza kuharibika. Kadi ya pili iliyotayarishwa mbele inapaswa kukaa ndani ya boti, kwenye mfuko usiopenya maji.

Ramani bora iko kichwani mwa kapiteni

Bahari kubwa ziko na ramani rasmi za elektroniki. Kwa Ziwa Kivu, kitu kinachopatikana kwa urahisi ni ramani ya OpenStreetMap na picha za satelaiti, ambazo zinapakuliwa mjini mbele ya safari. Zinaonyesha ng'ambo, visiwa na Idjwi. Hazionyeshi jiwe lililo chini ya maji wala kina cha mahali pa kutia nanga.

Njo maana faida kubwa ya mtambo huu ni kuhifadhi njia. Kapiteni mwenye kuzoea anasafiri mchana toka Bukavu mpaka Goma, na programu inaandika mahali pote alipopita. Siku ya ukungu, ao giza likimkuta njiani, anafuata mstari ule ule. Ujuzi wa miaka 20 unabaki ndani ya boti, hata kama siku hiyo anaongoza kijana. Tena kuna alama ya mtu aliyeanguka majini: inabonyezwa mara moja, na mahali panabaki pameandikwa, ili boti irudi hapo bila kubahatisha.

Kile ambacho haioni

Usiku, wavuvi wa sambaza wanatandaza nyavu kwa mwanga wa taa. Kompyuta haioni mtumbwi, haioni wavu. Haioni wimbi wala haitabiri upepo. Boti ikisimama, GPS haijui tena imeelekea wapi, na mshale unaweza kuzunguka hovyo. Kwa hiyo dira ya kawaida isitupwe. Kapiteni anayeangalia kioo kuliko maji yuko hatarini kuliko yule asiyekuwa na kioo.

Mambo ya mpaka nayo ni nyeti. Mpaka wa Kongo na Rwanda unapita ndani ya ziwa bila alama juu ya maji. Mstari unaoonekana kwenye kioo unaweza kumwonya mvuvi aliyesukumwa na upepo, lakini haumpe haki mbele ya askari wa doria. Mwezi wa saba 2018, kwenye Ziwa Edward, wanajeshi wa maji wa Kongo na wa Uganda walipigana na watu wakafa. Kubaki mbali na mstari ni salama kuliko kubishana juu yake. Na wakati huu wa vita, chombo chenye waya na antena kinaweza kuzusha maswali kwenye vizuizi. Ni vizuri wakubwa wa bandari wakijulishwa mbele.

Kununua nini kwanza?

Turudi kwenye Merdi. Barabara ya Goma na Minova ilikuwa imefungwa na vita, watu na mizigo vikahamia majini, na boti ikajaa kupita kiasi. Kapiteni hakupotea njia: bandari ilikuwa mbele ya macho yake. Hakuna GPS ingeweza kupunguza uzito ule, wala kumvalisha mtu jaketi ya kuokolea.

Kwa hiyo mwenye boti aliye na feza kidogo yuko na mpango wazi. Kwanza jaketi kwa kila abiria, pamoja na watoto. Pili orodha ya majina, na nakala yake ibaki bandarini, ili familia zisihesabu wafu kwa kukisia. Tatu, kukataa mzigo unaozidi. Kisha kompyuta, ambayo wenye boti wa bandari moja wanaweza kuchangia na kujifunza pamoja.

Abiria naye ana swali la kuuliza mbele ya kulipa tikiti. Lisiwe "boti hii iko na GPS?", bali "jaketi yangu iko wapi, na jina langu limeandikwa?"