Ndege anaijua lugha ya mahali, mpaka nao uijue

Kaskazini mwa Msumbiji, katika Hifadhi ya Niassa, Myao anayetafuta asali huanza kwa sauti. Hutetemesha ulimi, kisha huguna kidogo. Ndege mwonyesha asali akisikia hujitokeza, hulia, na kuruka mti hadi mti mpaka penye nyuki. Mtu huchukua asali, ndege hupata nta. Ni biashara ya haki, hakuna anayepunjwa.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa sauti hiyo hupandisha uwezekano wa kuongozwa na ndege kutoka asilimia 33 hadi 66. Tanzania nako, Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi humwita ndege wa aina hiyo hiyo kwa mluzi. Utafiti mwingine wa mwaka 2023 ulijaribu sauti zote mbili. Kwa Wahadzabe, ndege walielekea kuitikia mluzi zaidi ya mara tatu kuliko sauti ya Wayao. Ndege ni wale wale, asali ni ile ile. Tofauti ni lugha iliyozoeleka mahali hapo.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ina asali yake: Cheti Rahisi cha Uasili wa Bidhaa. Mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, wenye bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya na zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa, hupita bila ushuru wa forodha. Kodi nyingine zinaweza kubaki, lakini ushuru huo huondoka. Cheti hutolewa pale pale mpakani.

Hata hivyo, mama mwenye magunia mawili ya maharage humlipa kishoka amjazie fomu asiyoielewa. Mwingine hukata tamaa, akapita njia za panya, akanyang'anywa mzigo wote. Sheria inamtetea, ila inamwita kwa sauti asiyoijua.

Wapo watakaosema taratibu zimekwisha kutangazwa na asiyejua amezembea. Hoja hiyo haina uzito. Tangazo lisiloeleweka ni sawa na kelele tu, na mwenye wajibu wa kueleweka ni anayetangaza.

Mkataba wa Jumuiya wa mwaka 1999 uliagiza Kiswahili kiendelezwe kiwe lugha ya mawasiliano. Basi kianzie dirishani. Fomu, orodha ya bidhaa na viwango vya tozo vibandikwe kwa Kiswahili, na Rusumo kiongezwe Kinyarwanda, Kobero Kirundi, Mutukula Kiganda. Kipaza sauti kitangaze asubuhi, magari yanapoanza kushusha, kwa ajili ya wasiosoma.

Vyama vya wafanyabiashara navyo visingoje. Kila mwanachama ajue swali moja la kuuliza kabla ya kumfuata kishoka: "Afisa, fomu ya Cheti Rahisi iko wapi?" Ndege wa Eyasi huitika akiitwa kwa sauti anayoijua. Afisa anayelipwa mshahara hana sababu ya kukaa kimya.